Bruno Gutmann: Mmisionari wa Kidia aliyeandika sheria na mila za Wachagga

KIDIA ni kijiji cha Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu kidogo ya mji wa Moshi wa leo. Hapo ndipo Mjerumani Bruno Gutmann alipoishi kwa zaidi ya miaka 20, akihubiri asubuhi na kuandika usiku. Alizaliwa Dresden, Ujerumani, Julai 4, 1876, na akafariki dunia katika kijiji cha Ehingen, jimbo la Bavaria, Desemba 17, 1966, akiwa na umri wa miaka 90. Sehemu kubwa ya utu uzima wake, kuanzia mwaka 1902 hadi 1938, aliitumia miongoni mwa Wachagga.

Wamisionari waliopita Kilimanjaro ni wengi, na wapo waliobatiza watu wengi au kujenga shule nyingi. Gutmann anakumbukwa kwa jambo jingine. Alikuja kuwafundisha Wachagga dini mpya, lakini akaishia kuandika maelfu ya kurasa kuhusu sheria, hadithi, nyimbo na mafunzo ya jando ya watu hao, akiamini kwamba kanisa lisilojengwa juu ya ukoo na ujirani wa Kichagga lisingedumu. Imani hiyo ilimpa heshima kubwa. Pia ilimgombanisha na wamisionari wenzake, na hatimaye na baadhi ya Wachagga wenyewe.

Mlima uliokuwa bado na majeraha

Gutmann hakutoka katika nyumba ya wenye mali. Alikulia Dresden wakati viwanda vilikuwa vikiwavuta watu kutoka mashambani, na aliyoyaona huko hayakumtoka moyoni: watu wasiojuana wakiishi ukuta kwa ukuta, kila mmoja akihangaika na mshahara wake. Mwaka 1895 alijiunga na chuo cha Misioni ya Leipzig, chama cha Kilutheri kilichokuwa kimekwisha kuanza kazi Kilimanjaro.

Misioni hiyo ilikuwa imefika mlimani mwaka 1893, ikaanzia Machame, kisha Mamba, na mwaka 1896 ikafungua kituo Kidia. Kabla yake walikuwapo Waingereza wa CMS, waliofika Moshi mwaka 1885 katika enzi ya Mangi Rindi. Waliondoka mwaka 1892, baada ya Mangi Meli, mwana wa Rindi, kulishinda jeshi la Wajerumani na kamanda wake kuuawa. Wajerumani walirudi mwaka uliofuata wakiwa na nguvu zaidi na kumshinda Meli. Machi 2, 1900, Meli alinyongwa hadharani Old Moshi pamoja na viongozi wengine.

Gutmann aliwasili miaka miwili tu baada ya tukio hilo. Watu aliokwenda kuwahubiria walikuwa wameshuhudia mangi wao akining'inizwa mtini na watu wa taifa lile lile la mhubiri. Hali hiyo haikuandikwa kwenye mlango wa kanisa, lakini ilikuwapo katika kila salamu kati ya mzungu na mzee wa Moshi.

Alianza kazi Mamba na Machame, kisha akashiriki kuanzisha kituo cha Masama. Baada ya likizo Ujerumani, mwaka 1910 alihamia Kidia, mahali ambapo jina lake limebaki hadi leo.

Maisha ya nyumba ya misioni

Familia ya mmisionari wa wakati huo iliishi katika dunia mbili kwa pamoja. Ndani ya nyumba kulikuwa na kinanda au vitabu vya tenzi, meza yenye kitambaa, na barua zilizochukua wiki nyingi njiani. Nje ya mlango kulikuwa na vihamba vya migomba, ng'ombe waliofungiwa ndani na kukatiwa majani, na mifereji ya asili iliyoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye mashamba. Asubuhi ukungu ulifunika kila kitu, na ulipoondoka Kibo ilionekana nyeupe juu ya migomba.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kabla ya hapo mizigo yote ilisafiri sehemu ya njia kwa vichwa vya wapagazi, na familia ililazimika kujifunza kula kinachopatikana mlimani. Ndizi, maharage, viazi na maziwa vilinunuliwa kwa majirani au kuletwa na wazazi wa wanafunzi. Bustani ya misioni ilijaribiwa mbegu za Ulaya, na jirani alichungulia juu ya uzio kuona kitakachoota.

Kazi ya mke wa mmisionari haikuwa na cheo wala mshahara, ila bila hiyo kituo kisingekwenda. Katika vituo vingi ni yeye aliyefunga vidonda kila asubuhi barazani, aliyefundisha wasichana kushona na kusoma, aliyepokea wageni bila taarifa, na aliyeijua migogoro ya ndoa kabla mumewe hajaisikia. Wanawake wa Kichagga waliomletea maziwa walimfundisha lugha kwa kadiri alivyowafundisha sindano.

Watoto wa nyumba hizo walicheza na watoto wa jirani, na wengi walikijua Kichagga vizuri kuliko wazazi wao. Mmoja wao, Otto Friedrich Raum, mwana wa mmisionari Johannes Raum, baadaye aliandika kitabu kikubwa kuhusu utoto na malezi ya Wachagga, kilichochapishwa mwaka 1940. Hata hivyo ilikuwa desturi ya familia nyingi za wamisionari wa Kijerumani kuwapeleka watoto Ulaya walipofikia umri wa shule, na wazazi wakabaki na picha na barua. Kwa jirani Mchagga, ambaye mtoto wake wa kiume angejengewa nyumba kihambani kwa baba, jambo hilo lilikuwa gumu kueleweka.

Kusikiliza wazee

Gutmann alijifunza Kimochi, lahaja ya Old Moshi, akaifanya lugha ya mahubiri, ya darasa na ya mazungumzo yake. Kisha akaanza kuuliza. Aliwauliza wazee namna ya kugawa nyama ya ng'ombe aliyechinjwa, ni nani anayestahili kidari na nani paja. Aliuliza kuhusu ng'ombe anayewekwa kwa mtu mwingine: mfugaji hupata maziwa na samadi, mwenyewe hubaki na haki ya mnyama na uzao wake, na mtu anaweza kuwa tajiri bila zizi lake kuonyesha. Aliuliza ni nani aliyechimba mfereji, ni nani anayeusafisha, na siku ya nani kupata maji.

Alieleza pia nguvu ya jani la isale, mmea ambao Wachagga huupanda mipakani mwa vihamba na juu ya makaburi. Mkosaji aliyemwendea aliyemkosea akiwa ameshika jani hilo alikuwa anaomba suluhu, na kumkatalia lilikuwa jambo zito. Desturi hiyo haijafa. Hata sasa jani la isale hupelekwa katika nyumba za Wachagga pale maneno yanaposhindwa.

Mwaka 1914 alichapisha mkusanyiko wa hadithi na simulizi za Wachagga. Humo imo hadithi ya Murile, kijana aliyelitunza jimbi likageuka mtoto, na mama yake alipomwua mtoto huyo, akapaa hadi kwa watu wa mwezini waliokuwa wakila chakula kibichi. Akawafundisha kuwasha moto, wakamtajirisha kwa mifugo. Mwingereza Alice Werner aliitumia katika kitabu chake cha hadithi za Wabantu cha mwaka 1933, na kwa njia hiyo hadithi iliyosimuliwa kando ya jiko la Kichagga ikasomwa mbali na Kilimanjaro.

Kazi yake kubwa zaidi ilitoka mwaka 1926: kitabu cha sheria ya Wachagga chenye kurasa zaidi ya 700. Kati ya mwaka 1932 na 1938 zikafuata juzuu tatu za mafunzo waliyopewa vijana wa jando na unyago. Humo alieleza mregho, fimbo iliyochongwa alama ambayo mwalimu aliishika na kuisoma alama moja baada ya nyingine, kila alama ikiwa na fundisho lake kuhusu mwili, ndoa, uzazi na heshima. Vyuo vikuu vya Erlangen na Würzburg vilimtunuku shahada za heshima, kimoja katika teolojia na kingine katika sheria.

Vitabu hivyo vina jina moja kwenye majalada. Elimu iliyomo ndani ilikuwa ya wazee wa Moshi, ambao waliketi naye kwa miaka na kuchagua nini cha kumwambia na nini cha kumnyima.

Ukoo, ujirani na rika

Kutokana na mazungumzo hayo Gutmann alijenga fundisho lake. Aliamini kwamba Mungu amemuumba mwanadamu ndani ya vifungo vitatu: ukoo aliozaliwa nao, majirani anaoishi nao katika ardhi moja, na rika analokua nalo. Kwa maoni yake Ulaya ilikuwa imevikata vifungo hivyo kwa fedha na miji, na Wachagga walikuwa bado navyo. Mmisionari aliyemng'oa mwongofu kutoka kwa watu wake na kumweka peke yake kando ya kanisa alikuwa, kwa mtazamo huo, anabomoa kile ambacho Mungu amejenga.

Hayo hayakubaki kwenye karatasi. Usharika wa Kidia aliupanga kwa mitaa na wazee wake, ili majirani washughulikie mambo yao kabla hayajafika kwa mchungaji. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vilivyofuata mfano wa wenzi wa ngao wa zamani, waliosimama bega kwa bega vitani. Mwenzi wa ngao alitakiwa kumjua mwenzake, kumsaidia shambani, kumwonya akipotoka na kusimama naye siku ya harusi na ya msiba. Kipaimara kikachukua nafasi ya jando kama mlango wa utu uzima.

Kati ya wamisionari wenzake wapo waliomwona anaipa mila nafasi kubwa kuliko Injili. Mvutano mkali zaidi ulihusu tohara, hasa ya wanawake. Wapo wamisionari, na wapo walimu na wazee wa sharika waliokuwa Wachagga, waliotaka kanisa liipige marufuku. Gutmann alipinga marufuku ya kanisa, akihofia kwamba kuiondoa kungeondoa mafunzo yote yaliyoambatana nayo. Historia haikumuunga mkono. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na waliotaka mila hiyo ikome katika siku zake ndio waliotangulia kuona mbele.

Sharika bila wazungu

Machi 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Moshi. Wamisionari Wajerumani waliruhusiwa kuendelea kwa muda, wakiwa chini ya uangalizi, lakini mwaka 1920 walitakiwa kuondoka. Familia ya Gutmann nayo ilifunga mizigo.

Kwa kanisa la Kilimanjaro hicho kilikuwa kipimo. Walimu na wazee wa Kichagga walibaki na makanisa, shule na orodha za wabatizwa, huku Walutheri wachache wa Kimarekani wakifika baadaye kusaidia. Sharika hazikuvunjika. Ibada ziliendelea, watoto walifundishwa, na majirani waliendelea kupatanishwa. Gutmann aliporudi katikati ya miaka ya 1920, serikali ya Uingereza ilipowaruhusu tena Wajerumani, aliweza kusema kwamba mpango wa mitaa na ngao ulikuwa umebeba mzigo. Ila ukweli huo ulikuwa na upande wa pili: Wachagga walikuwa wameonyesha kwamba wanaweza kuendesha kanisa bila yeye.

Kahawa, Kiswahili na vijana

Kilimanjaro aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha. Kahawa ilikuwa imeingia kihambani chini ya kivuli cha migomba. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na ushirika wa KNCU. Fedha ya kahawa ilijenga nyumba za bati, ilinunua nguo na vitabu, na ilimpa kijana njia ya kusimama bila kumsubiri mjomba wala mzee wa mtaa. Mwaka 1937 ugomvi kuhusu uuzaji wa kahawa uligeuka ghasia, maghala yakashambuliwa.

Gutmann aliyatazama hayo kwa wasiwasi. Aliona mji wa Moshi, uliokua kuzunguka stesheni ya reli, ukianza kufanana na Dresden ya utoto wake. Alishikilia Kimochi kama lugha ya shule na kanisa, na alikuwa akitafsiri Agano Jipya katika lahaja hiyo; lilichapishwa mwaka 1939. Vijana walitaka Kiswahili, lugha ya soko, ya ofisi na ya kuzungumza na Mpare au Mmeru, na baada yake Kiingereza. Waliona kwamba mzungu aliyesoma vyuoni kwao anawashauri wabaki na fimbo ya mregho wakati watoto wa wenzao wanashika kalamu.

Hapo ndipo penye ugumu wa kumpima Gutmann. Aliwaheshimu Wachagga kuliko Wazungu wengi wa wakati wake, na alichukia jinsi utawala wa kikoloni ulivyowageuza mangi kuwa wakusanya kodi. Lakini heshima hiyo ilikuwa kwa Wachagga kama alivyowataka wawe. Alizungumza juu ya watu kama mwili mmoja usiogawanyika, mawazo yaliyokuwa yakipendwa Ujerumani siku hizo na ambayo baadaye yalitumiwa vibaya huko. Kijana aliyetaka kupanda kahawa, kuvaa suti na kusoma Kiingereza hakuwa na nafasi nzuri katika picha yake.

Miaka ya mwisho

Gutmann aliondoka Kilimanjaro mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 62. Mwaka uliofuata vita vikuu vya pili vilianza, na wamisionari Wajerumani waliobaki Tanganyika wakakamatwa. Hakurudi tena. Aliishi Ehingen akiendelea kuandika, akiwa mbali na watu aliokuwa akiwaandika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kabla hajaondoka, wachungaji wa kwanza wa Kichagga walikuwa wamewekwa wakfu. Kutoka kizazi kilichofuata alitokea Stefano Moshi, aliyezaliwa Kotela, Mamba, mwaka 1906. Alikuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa la kaskazini mwaka 1960, na mwaka 1963, Walutheri wa Tanganyika walipoungana na kuunda KKKT, aliliongoza kanisa hilo la taifa. Gutmann aliishi kuyasikia yote hayo, pamoja na habari za uhuru wa mwaka 1961.

Wanazuoni hawajamwacha. Mmarekani Sally Falk Moore, aliyechunguza sheria za kimila Kilimanjaro na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, aliyategemea sana maandishi ya Gutmann kujua hali ya zamani kabla ya kahawa na mahakama za serikali. Picha za Misioni ya Leipzig zimewekwa kwenye mtandao kupitia Chuo Kikuu cha Southern California, na humo mtu anaweza kuona barabara, migomba, madarasa na nyuso za babu zake. Wachagga nao wameandika yao. Mangi Petro Itosi Marealle alichapisha kwa Kiswahili, mwaka 1947, kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera.

Hata hivyo sehemu kubwa ya maandishi ya Gutmann imebaki katika Kijerumani na katika tafsiri za Kiingereza zinazosomwa vyuoni. Kijana wa Old Moshi anayegombania mpaka wa kihamba na ndugu yake, au anayetaka kujua kwa nini bibi yake alipeleka jani la isale kwa jirani, ana majibu yaliyotolewa na wazee wa kijiji chake zaidi ya miaka 90 iliyopita, lakini yamo katika lugha asiyoisoma. Wazee wale hawakusimulia ili wajulikane Leipzig peke yake. Kuyarudisha maneno yao katika Kiswahili, lugha ambayo Gutmann aliisitasitia, ni kazi inayowasubiri wasomi wa Kilimanjaro na vyuo vya Tanzania.